Namna nilikata salamu za Muzee Ramazani

Ninyi vijana wenye simu mbili mfukoni, munaokasirika video ikizunguka sekunde tatu mbele ya kucheza, kaeni kidogo. Sitawatukana leo. Ama nitawatukana kidogo tu, katikati, mahali pasipouma sana. Nataka kuwaambia kuhusu kazi niliyoifanya miaka mingi nikiwa nimekaa kwenye kiti kimoja, katika saloni, sebule ya nyumba yangu huku Katoyi, Goma, na namna nilikaribia kuvunja ndoa ya mutoto wa watu kwa sababu nilijiona mutu wa akili.

Kazi yenyewe haikuwa na jina zuri. Kwenye kibao cha nje niliandika: «Hapa tunaandika barua, tunatuma imeli, tunasoma majibu». Watu waliniita Papa Modemu. Mimi ni mutu wa nyumba, siwafichi. Wenzangu wa sekondari walikwenda kutafuta maisha mpaka Dubai. Kwangu mimi, kushuka Himbi hapa karibu na kurudi ilikuwa safari ya kuagana na watoto. Nilichagua kujifunza kupiga mashini ya kuandika kwa sababu mwalimu alisema ni kazi ya kukaa. Sikuuliza swali lingine.

Nilifanya kazi katika biro moja, ofisi ya kule Himbi, mpaka ilipofunga mulango. Wakubwa wake, badala ya kutulipa pesa za kwaheri, walitugawia vyombo. Mwingine alipata kabati, mwingine feni. Mimi nilipata ordinatere, kompyuta ya mezani, na modemu. Zilikuwa na juma mbili tu nyumbani siku mulima ulipotapika moto.

Siku ile majirani walibeba magodoro, sufuria, mbuzi. Mimi nilibeba ordinatere. Niliifunga na kitenge, nikaiweka kichwani, na tukashika barabara ya Sake na watu wote. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Mama Furaha, muke wangu, alikuwa mbele na watoto na bidoni la maji, na kila nikiomba tupumzike alinijibu bila kugeuka, «Wewe njo ulisema ordinatere ni macho ya nyumba. Beba macho.»

Tulipofika Sake, mwalimu mumoja tuliyekaa naye chini ya hema alifungua kitenge, akaangalia, akaniuliza kwa upole, «Papa, na mashini yenyewe iko wapi?»

«Njo hii.»

«Hii ni ekrani, papa.»

Nilikuwa nimebeba kioo kutoka Katoyi mpaka Sake, na lile sanduku lenye akili nimeliacha chini ya meza. Mama Furaha alicheka peke yake mpaka maji ya bidoni yakamwagika. Moto wa mulima haukufika kwetu. Tuliporudi, sanduku lilikuwa pale pale, na majivu kidogo juu, linaniangalia.

Sasa mujue kwamba fundi huyo ndiye watu walimupa habari zao zote.

Sikilizeni namna tulifanya, kwa sababu ninyi munafikiri internet iko hewani kama harufu ya maandazi. Nilikuwa na simu ya mezani iliyokamata laini ya upande wa Gisenyi, ng'ambo ya mupaka. Ka-antena kake kadogo kalikaa dirishani, kanaangalia mupaka. Modemu ilipita kwenye simu hiyo, na kila minuti ilihesabiwa kama unaongea na inchi ya nje. Kwa hiyo hatukukaa ndani ya internet. Tuliingia kama mutu anayeingia kwenye nyumba yenye mbwa: unachukua chako, unatoka. Asubuhi nzima niliandika imeli za watu bila kuunganisha. Saa ine kamili niliunganisha, nikatupa zote, nikavuta zilizokuja, nikakata.

Modemu ililia kama paka aliyefungiwa ndani ya bati. Nilijifunza kilio chake. Kama paka alilia mara mbili na kunyamaza, laini ilikuwa nzuri. Kama aliendelea kukwaruza, ni kwamba upande wa Gisenyi kuna mvua, na ni afazali ukunywe chai. Na saa ile hakuna mutu kugusa simu. Mama Furaha aliisahau sheria hii kila juma. Alinyanyua simu, akasikia paka, na koneksio ikakufa.

«Nilitaka tu kumusalimia mama,» alisema.

«Saa ine ni ya kazi. Kusalimia ni ya siku ya Mungu.»

Alirudisha simu mahali pake. Muke wangu si mutu wa kubishana. Anaweka maneno akiba.

Dharau hiyo ya salamu sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa na Muzee Gaspard, mukubwa wetu wa kupiga mashini kule Himbi. Yeye alikomaa kwenye posta wakati wa telegramu, wakati kila neno lilikuwa na bei yake. Siku yangu ya kwanza alinionyesha barua ya kurasa mbili ya mutu aliyefiwa, akachukua kalamu nyekundu, akafuta, akafuta, na kukabaki: «Baba amefariki. Njoo.»

«Unaona,» aliniambia, «hata kilio kimo.»

Nilimuabudu mutu huyo. Na nilipofungua kazi yangu, nilichukua ile kalamu nyekundu pamoja nami. Mutu alikaa mbele yangu, akasema, «Andika: mupendwa shemeji, tunatumaini barua hii itawakuta wazima, sisi huku tuko wazima isipokuwa mugongo wa bibi,» nami niliandika kwenye kaye, daftari langu, kwa heshima yote, ili mutu aone kalamu inatembea. Akisha kutoka, nilikaa kwenye mashini nikatoa shemeji, nikatoa mugongo, nikabakiza kazi. Nilikuwa ninawaokolea minuti. Nilijiona kama daktari anayetoa kipande kibaya.

Hapa ndipo ninawatukana. Ninyi munaandika «slt» mahali pa salamu. Munaandika «cv» mahali pa kuuliza habari. Mutoto wangu wa mwisho alinitumia siku ya kuzaliwa kwangu kakichwa kamoja ka manjano kanakocheka, basi. Mimi nilikata kwa sababu niliogopa minuti za Gisenyi. Ninyi munakatia nini? Kidole kinachoka?

Turudi. Miaka ile alikuwako kijana aliyeitwa Bahati, watu wakimuita Ingénieur, ingawa hatukuona diploma. Alikuwa anauza njia pana ya internet, ile wanayoita haut débit. Alitaka kuweka parabole, ile sahani ya kukamata internet, kwenye paa yangu, nishirikiane na majirani wawili, na internet ikae wazi kutwa kama mulango wa kanisa. Alikuja mara tatu. Mara tatu nilimukunywesha chai na kumurudisha.

«Papa Modemu,» alisema, «minuti hazitahesabiwa tena. Utakaa ndani unavyotaka.»

«Na nitafanya nini ndani?»

«Kila kitu.»

«Mutu anayefanya kila kitu hana kazi.»

Nilikuwa na sababu zangu, na nilizipanga vizuri. Parabole inavuta radi. Parabole inavuta macho, na miaka ile ya rebeliyoni, vita vya waasi, kila wakubwa wapya walioingia mujini waliingia na stempu mpya, na karatasi ya stempu ya jana haikufaa leo. Mutu mwenye sahani kubwa juu ya nyumba ni kama ameandika «njoni muniulize». Hizo zilikuwa sababu za kusema kwa watu. Ya kweli ilikuwa nyingine. Kama minuti hazihesabiwi tena, nani atamuhitaji mutu anayejua kufupisha? Nilikuwa ninalinda kalamu nyekundu.

Ndipo alikuja Muzee Ramazani.

Muzee Ramazani alikuwa mufanyabiashara wa Mapendo, Muislamu, kwao Maniema tangu babu zake. Nyumba yake ya Mapendo ilibaki chini ya mawe ya mulima, na alikuwa anakaa kwa dada yake nyuma yetu. Binti yake, Mwamini, alikuwa ameposwa na Idi, dereva, kijana mutulivu. Idi alikuwa hapa Goma lakini baba yake, Muzee Saleh, alikuwa Kindu. Barabara ya kwenda kule ilikuwa imekufa kwa sababu ya vita, na simu za mukononi hazijafika kule. Ilibaki njia moja ya haraka: mutoto wa ndugu wa Muzee Saleh alifanya kazi katika biro iliyokuwa na parabole. Imeli ikifika, aliitoa kwenye karatasi, akaipeleka nyumbani, na wazee wakakaa kwenye mukeka wakasomewa kwa sauti.

Posa ilikuwa imekuja kwa njia hiyo. Sasa baba wa binti alipaswa kujibu.

Alikaa kwenye saloni yangu kuanzia saa mbili mpaka karibu saa ine. Alimusalimia Muzee Saleh, na wake zake wawili kila mumoja kwa jina, na imamu, na wale waliorudi kutoka Maka, na jirani aliyevunjika muguu. Alitoa pole ya mama yake Muzee Saleh, aliyefariki mwezi uliopita, na hapo alisimama akafuta macho, akasema namna yule mama alimupikia wali akiwa kijana, mugeni, hana ndugu katika muji wa Kindu. Kisha akaomba dua. Mwisho kabisa, amekwisha kusimama anatafuta viatu, akasema, «Na ndoa tumekubali, iwe baada ya mwezi wa kufunga, watume mutu tuonane.»

Kaye yangu ilijaa kurasa tano. Saa ine ilikuwa inagonga. Niliandika hivi:

«Tumekubali ndoa. Iwe baada ya mwezi wa kufunga. Tumeni mutu wa kuonana na sisi.»

Maneno kumi na ine. Nilimukumbuka Muzee Gaspard, nikasikia moyo umejaa. Paka akalia mara mbili, laini nzuri, ikaenda.

Siku tisa hakuna jibu. Siku ya kumi nilivuta imeli, nikaisoma mara mbili. «Tumepokea. Hatuna mutu wa kumutuma kwa watu ambao hawataki kujua kama tuko hai ama tumekufa. Mukae salama.»

Sikuipeleka kwa Muzee Ramazani. Niliiweka chini ya kibodi, nikafikiri labda itakuja ingine nzuri. Ndiyo akili niliyokuwa nayo. Lakini Idi naye aliipata habari kwa abiria mumoja aliyeshuka na ndege kutoka Kindu, na kesho yake Mwamini aliingia kwangu bila kubisha hodi. Binti yule alikuwa anashona nguo sokoni, na alikuwa na sindano mbili bado zimechomwa kwenye kifua cha nguo yake.

«Shikamoo, papa.»

«Marahaba, mutoto wangu. Kaa.»

«Sikai. Nionyeshe barua ya baba.»

Nilianza kusema mambo ya laini, mvua, Gisenyi. Mama Furaha alitoka jikoni, akafungua kasha langu la karatasi, akamupa karatasi ya kile nilichotuma. Kisha akamupa na kaye. Mwamini alisoma kaye kurasa tano, akasoma na ile karatasi yenye mistari miwili.

«Kumbe mimi ni bidoni la mafuta,» alisema taratibu. «Tumekubali. Tumeni mutu wa kuchukua.»

«Mwamini, nilitaka kuwaokolea minuti.»

«Miaka mbili nimemungojea Idi, papa. Vita ilitukuta, mulima ulitukuta, nyumba imezikwa, na bado tuliendelea. Hakuna kilichotushinda. Ni wewe.» Alikunja kaye vizuri. «Ile familia ilikuwa kwenye matanga. Ulimunyima muzee pole ya mama yake ju ya nini? Ju ya minuti?»

Alisema jambo moja zaidi, na ndilo lililonitoa kwenye kiti: kule Kindu kulikuwa na familia ingine inayotaka kumupa Idi binti yao, na Muzee Saleh alikuwa ameahidi kuwajibu siku ya ijumaa, baada ya sala. Ilikuwa juma-mbili, siku tatu mbele ya ijumaa hiyo. Na Idi amesema hawezi kuoa bila baba yake.

Nilimukimbilia Bahati. Mimi, kukimbia, watoto wa mutaa walitoka kuangalia. Nilimuambia yote, nikamuuliza kama ile parabole yake ingeweza kupitisha kurasa tano.

Bahati aliniangalia kama vile yule mwalimu wa Sake. «Papa Modemu, kurasa tano za maneno ni nini? Hata modemu yako inazipitisha sekunde mbili, tatu.»

«Sekunde tatu?»

«Kinachokula minuti ni kuunganisha. Ni ule muda paka analia. Ukisha kuingia, maneno hayana uzito. Picha njo nzito, sauti njo nzito. Salamu haina kilo.»

Nilikaa chini kwenye hatua ya mulango wake. Barua zote zile. Migongo yote ya mabibi, mashemeji wote, pole zote nilizozitupa, ili kuokoa kitu ambacho hakikuwako. Muzee Gaspard alikuwa na haki kwenye telegramu yake. Mimi nilichukua dawa ya mugonjwa mwingine nikawanywesha watu wazima. Vijana, kama munataka kuchukua kitu kimoja kwangu, chukueni hiki: mutu akikufundisha kazi, muulize kazi hiyo ni ya mashini gani.

Siku ile ile nilikwenda kwa Muzee Ramazani nikasema kosa langu mbele ya dada yake. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, «Na pole ya mama?» Nikasema, «Niliitoa, muzee.» Akafunga macho. Dada yake ndiye aliyenitolea maneno, na hayo sitayaandika, kuna watoto wanasoma.

Tulituma kurasa tano, na chini yake tukaandika kosa langu. Zilikwenda kama Bahati alivyosema, paka hakuchelewa hata kidogo. Kesho yake jibu likarudi, limeandikwa na yule kijana wa biro: «Muzee anasema karatasi inaandikwa na kila mutu. Ya kwanza mulisema ni yenu, ya pili munasema ni yenu. Anataka kusikia mudomo. Wakubwa wa biro wamekubali kesho, juma-ine, baada ya sala ya alasiri, hapa kuna mikro. Lakini sauti haipiti kwenye njia nyembamba. Upande wenu muko na parabole?»

Upande wetu hatukuwa na parabole. Upande wetu tulikuwa na mutu aliyeirudisha mara tatu na chai.

Basi niliamua, kama munaweza kuita huko kuamua. Juma-ine asubuhi Bahati alipanda kwenye paa yangu na sahani yake, na mimi nilishika ngazi kwa mikono miwili kama mimi ndiye niko juu. Jirani mumoja aliniuliza kama nimepata kazi kwa waasi. Mutu wa wakubwa wapya, yule wa stempu, naye alipita, akaangalia juu, akasema atarudi. Jenereta tuliazima. Mama Furaha aliondoa meza ya katikati, akatandika mikeka, na kufika alasiri saloni yangu ilijaa wazee wa kofia. Mwamini alikaa na wanawake nyuma ya pazia la chumba. Idi alisimama mulangoni, hakutaka kukaa.

Sauti ya kwanza kutoka Kindu ilikuwa kikohozi. Kisha, «Asalaam aleikum.»

Muzee Ramazani aliinama mbele ya mikro kama anaingia mulango mufupi. Alijibu. Na akaanza: wake wawili kila mumoja kwa jina, imamu, wale wa Maka, muguu wa jirani. Parabole ilichelewesha sauti kidogo, kwa hiyo kila muzee alisema, akangoja, akasikia, akangoja tena, na wakawa na adabu kupita ile Mungu aliyowapa. Alipofika kwenye pole, hakuwa tena na haraka ya kutafuta maneno. Alisema habari ya ule wali. Kule Kindu tulisikia mutu anavuta pumzi, na baadaye kimya kirefu, na mimi niliangalia mafuta ya jenereta yanavyoshuka. Mukono wangu ulikwenda kwenye kibodi, sijui kufanya nini, ni mazoea tu. Mama Furaha aliichukua kibodi akaikalia.

Ndipo Muzee Saleh alijibu. Naye alianza kwa salamu. Alisalimia hata ile nyumba ya Muzee Ramazani iliyozikwa Mapendo, kama mutu. Ilipita zaidi ya saa moja na hakuna aliyetaja ndoa, na nyuma ya pazia hakuna aliyekohoa.

Mwisho alisema, «Na yule anayepiga mashini, yuko hapo?»

Walinisukuma mbele. Nilifungua mudomo. Siku zote zile nikiandikia watu, sikuwahi kutayarisha yangu.

«Muzee, niko,» nilisema. «Samahani. Na pole.»

Tulingoja. Sauti ilikwenda juu, ikarudi.

«Ni yeye,» Muzee Saleh aliwaambia watu wake, na tulisikia kule wazee wanacheka. «Ramazani, nimekuelewa. Kesho nitawajibu wale wengine kwamba mutoto wangu amekwisha kupata. Ndoa ni baada ya kufunga. Lakini kadi za kualika asiandike yeye.»

Aliziandika Mama Furaha, kwa mukono, na hakuna mwaliko hata mumoja uliotosha kwenye kadi moja.